Kubwaxerus, kindi mkubwa wa kale wa Turkana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Turkana ikitajwa pamoja na visukuku, wengi huwaza mafuvu ya binadamu wa kale. Ukurasa huu unamhusu mkazi mwingine wa nchi hiyo, mgugunaji aliyeishi juu ya miti mahali ambapo leo mti ni kitu cha kutafutwa. Tumekusanya maswali tunayoulizwa zaidi. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Kubwaxerus ni mnyama gani hasa?

Ni kindi wa miti aliyeishi kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa kipindi cha Miosini (kilichoisha miaka milioni 5 hivi iliyopita), na ambaye ametoweka zamani sana. Mabaki yake yalipatikana Lothagam, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Jina lake kamili la kisayansi ni Kubwaxerus pattersoni. Alitangazwa mwaka 1986 katika jarida la Journal of Mammalogy la Marekani, kwenye makala iliyoandikwa na Richard Cifelli, A. K. Ibui, Louis Jacobs na Richard Thorington. Katika kichwa cha makala hiyo walimwita kindi mkubwa wa miti. Watu hushika neno "mkubwa" na kulisahau neno "miti", na kwa maoni yetu hilo la pili ndilo lenye habari zaidi.

Jina hilo limetoka wapi?

Sehemu ya kwanza ni Kiswahili, haihitaji maelezo. Sehemu ya pili imo katika majina ya kindi wengi wa Afrika: Xerus, Paraxerus, Protoxerus.

Neno la pili, pattersoni, ni heshima kwa Bryan Patterson, na hapo pana hadithi. Patterson alizaliwa London mwaka 1909. Baba yake alikuwa John Henry Patterson, yule yule mhandisi wa reli aliyewaua simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898. Ngozi za simba wale ziliishia kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago, na mtoto naye akaanza kazi katika jumba hilo hilo mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, na katika miaka ya 1960 akaongoza misafara ya kutafuta visukuku upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Turkana. Kanapoi, mwaka 1965, walipata kipande cha mfupa wa mkono wa binadamu wa kale, karibu na kiwiko. Lothagam, mwaka 1967, walipata kipande cha taya. Alifariki mwaka 1979, miaka saba kabla jina lake halijapewa kindi huyu.

Aliishi miaka mingapi iliyopita?

Tabaka za Lothagam zinazohusika huitwa Nawata. Zilianza kujengeka takriban miaka milioni 7.4 iliyopita, na kazi hiyo ikaendelea hadi karibu na milioni 5. Kindi wetu ni wa humo.

Namba hizi hupatikana kwa kupima mwamba, si mfupa wenyewe. Bonde la Ufa lilikuwa na volkano nyingi, na kila mlipuko ulitandaza majivu juu ya nchi. Ndani ya majivu hayo mna chembe za madini zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya aragoni kwa mwendo usiobadilika. Ukipima aragoni iliyonaswa ndani ya chembe, unajua mlipuko ulitokea lini. Mfupa uliolala kati ya tabaka mbili za majivu lazima uwe mchanga kuliko tabaka ya chini na mkongwe kuliko ya juu. Kwa hiyo mtu akikutajia umri wa kisukuku cha Turkana, jua kwamba kilichopimwa kwa kawaida ni jivu la jirani yake.

Ili upate picha ya wakati huo: Orrorin, anayehesabiwa kati ya wahenga wa kale kabisa wa binadamu, ambaye mabaki yake yalipatikana katika vilima vya Tugen, Baringo, na kutangazwa mwaka 2001, aliishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Ni kipindi ambacho ukoo wetu ulikuwa ndiyo kwanza unaachana na ule wa sokwe.

Lothagam ni mahali pa namna gani?

Leo ni bonge la miamba lililoinuliwa na mpasuko wa ardhi, lenye rangi ya kutu, katikati ya tambarare kavu. Joto ni kali, kivuli ni haba, na mvua huja pale inapotaka. Mmomonyoko ndio unaofanya kazi ya kufukua: kila mvua ikinyesha, mifupa mingine hujitokeza juu ya mteremko na mingine husombwa kabisa.

Zamani za Nawata hali ilikuwa nyingine kabisa. Mchanga na tope vilivyogeuka mwamba hapo viliwekwa na mto mkubwa usiokauka. Wakazi wa mto huo nao wameacha ushahidi: samaki, kasa, viboko, mamba wa aina kadhaa, akiwemo mmoja mwenye mdomo mrefu mwembamba wa kukamatia samaki. Juu ya kingo palikuwa na tembo wa kale wa zaidi ya jamii moja, vifaru, farasi wadogo wenye vidole vitatu, nguruwe wakubwa wa jenasi ya Nyanzachoerus, twiga wa kale, nyani, na paka mwenye meno kama majambia aitwaye Lokotunjailurus. Palikuwa pia na Ekorus, jamaa wa nyegere, ila mwenye miguu mirefu na umbo la mnyama wa kukimbia. Orodha hii ilipanuka sana kutokana na misafara ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoongozwa na Meave Leakey kati ya 1989 na 1993, na matokeo yake yakakusanywa katika kitabu kikubwa alichokihariri pamoja na John Harris mwaka 2003.

Kipindi hicho kilikuwa cha mageuzi makubwa ya mimea. Kati ya miaka milioni 8 na 6 hivi iliyopita, nyasi za nchi za joto zilianza kutawala Afrika Mashariki. Hilo linasomeka ndani ya meno: kaboni iliyomo kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ya mnyama aliyekula nyasi hizo ni tofauti na ya mnyama aliyekula majani ya miti. Farasi wa Lothagam walikuwa tayari walaji wa nyasi. Kwa hiyo usifikirie msitu mzito kama wa Kongo ulioenea hadi upeo wa macho. Fikiria mbuga yenye miti hapa na pale, na katikati yake mto wenye msitu kandokando.

Mnajuaje kwamba alikuwa akiishi juu ya miti?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni mwili. Kindi wa ardhini na kindi wa miti ni wa familia moja, lakini mifupa yao imefuata kazi tofauti. Anayechimba huwa na mikono mifupi yenye nguvu, mahali pa kushikia misuli pakubwa, na kucha ndefu zilizonyooka. Anayepanda huwa na viungo virefu zaidi, kucha zilizopinda, na kifundo cha mguu kinachoweza kugeuka. Kifundo hicho ndicho kinachomwezesha kindi kushuka mtini kichwa kikiwa chini: nyayo za nyuma zinageuzwa zikatazama juu na kucha zikashika gome. Ukiwahi kumtazama kindi akishuka mwembe utaelewa. Paka hawezi mchezo huo, ndiyo maana hukwama juu na kulia.

Upande wa pili ni ukoo. Waandishi wa 1986 walimweka Kubwaxerus karibu na kundi la kindi wa miti wa Afrika linaloitwa Protoxerini. Kundi hilo bado lipo na ndilo lenye kindi wengi tunaowajua: wale wadogo wa vichakani wa jenasi Paraxerus wanaoonekana hata kwenye bustani za mijini, wale wa Heliosciurus wanaoota jua asubuhi juu ya matawi, na Protoxerus mwenyewe, kindi mkubwa wa misituni anayepatikana kutoka Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi msitu wa Kakamega.

Thorington, mmoja wa waandishi hao, alikuwa bingwa wa mifupa ya kindi katika taasisi ya Smithsonian, na miaka michache kabla alikuwa ameshiriki kuchambua mifupa ya kindi mkongwe kuliko wote (tutamfikia). Kwa hiyo mnyama huyu aliangukia mikono iliyozoea.

Kwani kuna ajabu gani kindi kukaa mtini?

Hakuna ajabu yoyote kwa kindi. Ajabu iko kwa mahali. Swala akipatikana kwenye tabaka, hakuambii mengi juu ya mazingira, maana anaweza kuwa alihama umbali mrefu kufuata malisho. Kindi wa miti hahami. Maisha yake yote huzunguka miti michache inayogusana. Palipo na mfupa wake palikuwa na matawi ya kupitia, mashimo ya kulala, na matunda au kokwa za kumtosha mwaka mzima, na kwa kindi mwenye mwili mkubwa mahitaji hayo ni makubwa zaidi.

Ndiyo maana tunasema huyu ni shahidi mwenye thamani kuliko baadhi ya wanyama wakubwa waliompita kwa umaarufu. Farasi wanatuambia palikuwa na nyasi, viboko wanatuambia palikuwa na maji ya kudumu, naye anatuambia palikuwa na miti mirefu ya kutosha. Ukiwachukua watatu hao kwa pamoja, msitu wa kandokando ya mto unakubalika bila kulazimisha.

Alikuwa na ukubwa gani? Ndiye kindi mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi?

Alikuwa mkubwa kuliko kindi wa miti wa Afrika wa leo. Kuliko wote duniani, hapana.

Tupange kidogo. Kindi mdogo kuliko wote Afrika ni Myosciurus, wa misitu ya Kameruni na Gaboni, mwenye uzito wa gramu 16 hivi. Protoxerus hukaribia kilo moja. Kule Asia kuna Ratufa, kindi wakubwa wa India na nchi jirani, ambao hufikisha kilo mbili na zaidi, na hao wote wanaruka kutoka tawi hadi tawi. Halafu kuna mamoti wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Wengi hawajui kwamba mamoti ni kindi. Ni kindi wa ardhini walionenepa, na uzito wao huzidi kilo tano bila shida. Amerika Kaskazini iliwahi hata kuwa na mamoti jitu aitwaye Paenemarmota, mkubwa kuliko mamoti wote waliopo.

Kwa hiyo picha zinazozunguka mitandaoni za "kindi wa kale mwenye ukubwa wa mbwa" zipuuze. Mnyama anayeishi juu ya miti ana mpaka wa uzito, na mpaka huo unawekwa na matawi.

Alikula nini?

Ukitazama jamaa zake walio hai, chakula kikuu kingekuwa matunda na kokwa ngumu, pamoja na majani machanga, magome na wadudu kidogo. Protoxerus wa leo anajulikana kwa kuvunja kokwa za michikichi, kazi inayowashinda wanyama wengi wa kimo chake. Silaha ya kindi ni yale meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, yasiyoacha kukua maisha yote. Enameli yake iko upande wa mbele tu. Nyuma ni laini, huliwa haraka, na ncha inabaki na makali kama patasi.

Na nani alimla yeye?

Paka wenye meno ya majambia walikuwa na shughuli kubwa zaidi. Hatari ya kindi wa miti kwa kawaida hutoka angani na kwa wanyama wadogo wanaopanda: tai wa misituni, nyoka, paka wadogo.

Kindi walifikaje Afrika?

Wengi hudhani kila mnyama wa Afrika asili yake ni hapa. Kindi ni wageni, ingawa ni wageni wa siku nyingi. Kwa muda mrefu sana Afrika pamoja na Uarabuni zilikuwa kisiwa kikubwa, zimetengwa na Ulaya na Asia kwa bahari. Mwanzoni mwa Miosini, karibu miaka milioni 20 iliyopita, bara letu lilipokuwa likisukumwa kaskazini, njia za nchi kavu zilifunguka. Tembo wa kale wakatoka kwenda Asia na Ulaya. Kutoka huko wakaja vifaru, jamii za paka, na kindi.

Mashahidi wa kwanza wa kindi upande wetu wako magharibi mwa Kenya. Mwaka 1973 mtaalamu wa Kifaransa René Lavocat alichapisha kazi kubwa juu ya wagugunaji wa Miosini wa Afrika Mashariki, na ndani yake akampa jina Vulcanisciurus africanus, kindi wa maeneo kama Songhor. Songhor iko chini ya mlima Tinderet, volkano iliyozimika, na majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa mingi ya huko. Ni tabaka za umri uleule, kwa makadirio, na zile za nyani wa kale wa Kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu maarufu la Proconsul mwaka 1948.

Mwaka 2003 John Mercer na Louise Roth walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya kindi wa dunia nzima. Walikadiria lini koo mbalimbali ziliachana, kisha wakalinganisha na historia ya ardhi na bahari. Kuingia kwa kindi Afrika kuliafikiana na wakati ule wa kufunguka kwa njia. Inapendeza pale vinasaba na mawe, ambavyo havikupata nafasi ya kupatana kabla, vinapotoa ushahidi mmoja.

Kati ya Vulcanisciurus na Kubwaxerus kuna zaidi ya miaka milioni kumi. Muda huo ulitosha kwa ukoo wa kindi wa miti kutawanyika barani na kuzaa wadogo sana na wakubwa sana.

Kindi mkongwe kuliko wote duniani ni yupi?

Ni Douglassciurus jeffersoni wa Amerika Kaskazini, mwisho wa Eosini, takriban miaka milioni 36 iliyopita. Robert Emry na Richard Thorington walichambua mifupa yake kutoka Wyoming na kukuta kitu cha kushangaza: kuanzia shingo kwenda chini, mnyama huyu hana tofauti kubwa na kindi wa miti wa leo. Kinachomtofautisha ni kichwa, hasa namna misuli ya kutafunia ilivyoshikamana na fuvu. Kindi wa leo ana misuli iliyosogea mbele hadi puani na kumpa nguvu ya kuguguna. Yule wa kale hakuwa nayo bado. Mwili wa kupanda ulikamilika kwanza, taya zikafuata.

Je, Tanzania imepata visukuku vya kindi?

Ndiyo. Laetoli, kusini mwa Olduvai, inajulikana kwa nyayo za miaka milioni 3.6 iliyopita, lakini tabaka zake zimetoa pia wagugunaji wengi. Miongoni mwao yumo kindi wa ardhini aliyepewa jina Xerus janenschi na Mjerumani Wilhelm Dietrich mwaka 1942. Kindi wa ardhini ni dalili ya nchi iliyo wazi zaidi, yenye udongo wa kuchimbika, na hilo linalingana na mengine yanayojulikana kuhusu Laetoli.

Na wale wanaoruka hewani kama wana mbawa, nao ni kindi?

Wa Asia, ndiyo. Wa Afrika, hapana, japo wengi huwachanganya. Wanyama wa misitu yetu wanaotandaza ngozi kati ya miguu na kunyiririka kutoka mti hadi mti ni wa familia nyingine, Anomaluridae. Watambue kwa magamba magumu yaliyo chini ya mzizi wa mkia, ambayo huwasaidia kushika gome. Jamaa yao wa karibu aliye hai, amini usiamini, ni kamendegere, yule mrukaji wa usiku wa mbugani. Familia hizo zote mbili zilikuwa tayari ziko Kenya wakati wa Vulcanisciurus; Lavocat aliwaeleza hao wanyiririkaji katika kazi ile ile ya 1973.

Kwa nini visukuku vya kindi ni haba hivyo?

Kwanza, mifupa yao ni myembamba. Fisi anaweza kumeza kindi mzima na kusiwe na cha kubaki. Pili, udongo wa msituni una tindikali na unyevu mwingi, na mifupa huoza kabla ya kufunikwa. Wanyama wa msituni kwa ujumla huacha visukuku vichache kuliko wa mbugani au wa majini. Kindi wa miti akibahatika, ni kwa sababu aliangukia kando ya mto, au bundi alimla na kutapika mifupa mahali pakavu.

Tatu ni namna ya kutafuta. Jino la kindi wa kawaida ni dogo kuliko punje ya mchele. Mtu anayetembea akitafuta taya ya tembo hawezi kuliona. Meno madogo hupatikana kwa kuchukua udongo, kuulowesha, kuuchekecha kwa chekeche zenye matundu madogo sana, kisha kukaa na kioo cha kukuzia na kuchambua chembe moja moja. Ni kazi ya subira, haipigwi picha za magazetini, na maarifa mengi kuhusu hali ya hewa ya kale yametokana nayo.

Meno ndiyo yanayodumu kwa sababu enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa bahati nzuri meno pia husema mengi: vilima na mabonde ya gego hutofautiana kutoka jenasi hadi jenasi, kiasi kwamba mtaalamu anaweza kumtambua mwenye gego moja bila kuona kitu kingine.

Kwa nini alitoweka?

Maelezo yenye nguvu zaidi ni kupungua kwa msitu. Nyasi zilizidi kuenea, misitu ya kandokando ya mito ikakatikakatika, na mto wenyewe wa Lothagam haukubaki ulivyokuwa, maana nchi ya Bonde la Ufa ilikuwa ikipasuka, ikishuka na kuinuka. Mnyama mkubwa wa miti anahitaji msitu mpana kuliko mdogo, kwa hiyo huwa wa kwanza kuumia. Kindi wadogo wa vichakani waliweza kuishi kwenye mabaki ya miti. Protoxerus alibaki kule ambako msitu ulibaki, na Kakamega ni moja ya ncha za mashariki za makazi yake.

Tunaulizwa pia kama binadamu walimmaliza. Hapana, zana za mawe hazikuwepo bado, na hao wahenga wetu wa wakati huo walikuwa wachache.

Je, anaweza kurudishwa kwa kutumia DNA yake?

Hapana. DNA huharibika, na kwenye joto huharibika haraka zaidi. Katika kisukuku cha Turkana cha miaka milioni kadhaa hakuna cha kutoa.

Kwenye nchi za barafu mambo ni mengine, ila kwa umri mdogo zaidi. Huko Yukon, Kanada, wachimba dhahabu walipata mwaka 2018 bonge la manyoya lililogandishwa. Lilipopigwa eksirei likaonekana ni kindi wa ardhini aliyejikunja usingizini, wa miaka takriban 30,000. Na katika mashimo ya kindi wa ardhini yaliyoganda kaskazini-mashariki mwa Siberia, watafiti wa Kirusi walikuta akiba ya matunda na mbegu za miaka takriban 32,000. Mwaka 2012 walitangaza kwamba kutokana na tishu za matunda hayo wamefanikiwa kuotesha mmea ukachanua maua. Kindi aliyeweka akiba hiyo hakuirudia.

Leo hii nikienda Lothagam nitaona kindi?

Unaweza, lakini wa namna nyingine. Kaskazini mwa Kenya ni nchi ya Xerus rutilus, kindi wa ardhini asiye na mistari, anayechimba mashimo kwenye udongo mkavu na kukimbia kati ya vichaka vya miiba. Ni wa ukoo mwingine ndani ya familia ya kindi, na anaishi vizuri mahali ambapo Kubwaxerus asingemaliza wiki.

Visukuku vyenyewe viko wapi?

Makusanyo ya Lothagam yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Kila kipande kina namba inayoanza na KNM-LT: herufi tatu za kwanza ni za makumbusho, mbili za mwisho ni za Lothagam. Kwa kawaida vipande vya wagugunaji haviwekwi kwenye kumbi za maonyesho, hutunzwa kwenye makabati ya watafiti.

Nikiokota kitu kinachofanana na kisukuku, nifanye nini?

Usikiokote, ndilo jibu. Kisukuku kikishaondolewa mahali pake bila kumbukumbu, kimepoteza tabaka lake, na pamoja nalo umri wake. Piga picha kikiwa pale pale kilipo, ukiweka kando yake sarafu au kalamu ili ukubwa uonekane. Piga nyingine ya mazingira kwa mbali. Hifadhi alama ya mahali kwenye simu. Kisha toa taarifa kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu au kwa chifu wa eneo. Nchini Kenya vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anayekuahidi fedha kwa kisukuku ulichokiona nyuma ya boma lako anakuingiza matatani.